Mwaka Nilipougua Kisukari cha Uongo

Siwema alinipigia simu asubuhi nikiwa nyumbani kwetu Bunju, nimekalia mbuzi nakuna nazi, na kabla hajasema neno nilijua kwa jinsi alivyovuta pumzi. Hakusema mama yake amefariki. Alisema, "Mtani wako kaondoka. Njoo ufanye kazi yako." Kisha akakata, kwa sababu siku ya msiba simu za kupiga ni nyingi. Nilibaki na kifuu mkononi. Bi Havijawa alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, na sote tulijua, lakini kujua hakukunisaidia kitu. Nililia pale pale juu ya mbuzi, machicha mapajani, mpaka binti yangu Lusia alipotoka chumbani na sare zake za shule kuuliza kuna nini, nami nikamwambia bibi yake wa Tabata hayupo tena.

Kazi aliyoitaja Siwema haikuwa ya kupika wala kulia. Mie ni Mnyamwezi, Bi Havijawa alikuwa Mzaramo, na makabila yetu ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kuja pwani na kuwakuta babu zao wakiwasubiri na kejeli. Kwenye msiba wa mtani wako hutakiwi kukaa mkekani ukasikitika kama watu wengine. Unatakiwa uvae nguo za marehemu, umwigize anavyotembea na anavyogomba, uwanyang'anye waombolezaji vikombe vyao, ulizuie jeneza mlangoni na kudai ada. Mtani asiyetania msibani amemsusa marehemu. Nimewaona watu wakiifanya kazi hiyo vizuri sana, na nimewaona wakiiharibu. Mie nilikuwa sijawahi kuifanya, na asubuhi ile, nikioga, nikitafuta kanga ya kujifunga, sikuona mzaha nitautoa wapi.

Watu wengi wakisimulia mwaka uliowajenga husimulia wa ujana, walipokwenda bweni au walipopenda mara ya kwanza. Wangu ulinikuta nina miaka thelathini na tisa, mwalimu wa darasa la tatu, nimeolewa siku nyingi na sina mtoto. Najihesabu nilikuwa kijana bado, maana ujinga nilikuwa nao wa kutosha. Mume wangu Elias nami tulipanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya Bi Havijawa, Tabata, nyumba ya korido ndefu yenye milango huku na huku na ua wenye bomba moja, mawe ya kufulia na jiko la kila mpangaji. Chumba chetu cha kwanza kilikuwa na makochi mawili, televisheni na rundo la madaftari ya wanafunzi. Cha pili kitanda, kabati na kalenda ya kanisa. Friji letu dogo lilikuwa limeungua umeme uliporudi kwa kishindo, na tukaligeuza kuwa kabati la sufuria. Friji zima katika nyumba ile lilikuwa moja tu, la mama mwenye nyumba mwenyewe, kwenye korido mbele ya mlango wake. Mlango wa friji haukushika, kwa hiyo lilifungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani yake Bi Havijawa aligandisha barafu za ukwaju na ubuyu alizowauzia watoto wa shule. Watoto hao walikuwa wanafunzi wangu. Alikuwa akiniambia mie nawafundisha kusoma na yeye anawafundisha kununua, na kwamba somo lake ndilo watakalolikumbuka.

Tangu siku ya kwanza tulipohamia, aliposikia tumetoka Tabora, alifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Nikimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, mtumwa wangu." Elias alimwita mpagazi. Aliingia kwetu bila hodi, akafunua sufuria, akala nyama akaacha mchuzi, na mtu akimkodolea macho alisema mtani haibi, anachukua. Tulimzoea. Nikiwa na huzuni zangu mwisho wa mwezi, kelele zake ndizo zilizonitoa kitandani.

Huzuni za mwisho wa mwezi kila mwanamke aliyewahi kusubiri mtoto anazijua. Nyumba ya kupanga haina siri, ina watu wanaojifanya hawajasikia. Jioni moja nilikuwa bafuni, na uani wanawake wawili walikuwa wanamenya mihogo. Mmoja akauliza ticha wa mbele ameolewa mwaka wa ngapi huu. Mwenzake akasema labda tatizo ni mume. Wa kwanza akasema hapana, wanawake wa siku hizi wanasoma mpaka mayai yanaisha. Nikasikia sauti ya Bi Havijawa ikiwaambia wamenye mihogo, mafuta yanaungua. Nilisimama mule bafuni na sabuni usoni mpaka maji ya ndoo yakapoa. Nilikuwa nimefedheheka, na nilikuwa na hasira, kwa sababu yule mpumbavu wa mihogo alikuwa amesema, kwa ujinga wake, jambo lile lile aliloniambia daktari siku chache nyuma kwa upole.

Tulikuwa tumeanza kwenda kwenye kliniki ya uzazi upande wa Mbezi. Daktari wetu alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuchora mambo kwenye karatasi huku akiyaeleza. Alituambia kwamba mwanamume hutengeneza mbegu mpya maisha yake yote, lakini mwanamke huzaliwa na mayai yake yote tayari, nayo huzeeka pamoja naye. Miaka ikienda hubaki machache, na katika hayo machache mengi huwa na kasoro ndani ambayo macho hayawezi kuiona. Kwa umri wangu, alisema, ishu haikuwa tu kupata mayai. Ishu ilikuwa kupata yai zuri. Angenipa sindano za kuyakomaza mengi kwa mpigo, ayavune, ayakutanishe na mbegu za Elias maabara, na kiinitete kikikua vizuri akirudishe tumboni. Dawa nizichome mwenyewe tumboni kila jioni. Zikae kwenye baridi, zisigande.

Ndiyo nikajikuta jioni moja mbele ya lile friji na boksi la dawa mkononi, namwomba Bi Havijawa nafasi kidogo, mbali na barafu zake. Akaliangalia boksi, akaniangalia mie. Akauliza ni nini. Neno la kweli lilikuwa fupi tu, lakini koridoni walikuwa wamekaa wale wawili wa mihogo, na mie nikasema, "Dawa ya sukari, Bi. Nimepimwa, ninayo." Uso wake ukabadilika. Kaka yake, Mzee Kondo wa Kisarawe, alikuwa anachoma insulini miaka na miaka, na shangazi yao sukari ilimkata mguu. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akalisafishia pembe yake chini kabisa, akalifunika kitambaa. Nilirudi chumbani nikajipongeza kwa akili zangu.

Sikujua nimejifungia nini. Kesho yake nilitoka shule na soda baridi, kiu imenikaba, na kabla sijavuka kizingiti Bi Havijawa alikuwa ameshaichukua mkononi mwangu na kuinywa yote mbele yangu, taratibu, akicheua. Akaingia ndani akabeba kopo letu la sukari. Elias alipolalamika akaambiwa mke akiugua na mume kaugua, ni mwili mmoja, hata kanisani kwao si ndivyo wanavyosema? Kuanzia hapo nikalishwa. Sembe ikaondoka, ikaja dona. Asubuhi niliyozoea chapati mbili na chai nzito nikaletewa kiazi, maharage na chai ya tangawizi kavu kama dawa. Jioni matembele, mchicha, mlenda, vibua vya kuchoma, parachichi akilipata. Pilau ya jirani ilipita mbele ya pua yangu na kuishia kwake. Mie nilikuwa mwanamke mnene mwenye kupenda vitu vitamu, sisemi uongo, na wiki za kwanza nilimchukia kabisa. Angekuwa mtu mwingine ningemfukuza. Lakini huwezi kumfukuza mtani. Ukikasirika umeshindwa, na atakusimulia mpaka Ubungo.

Sindano za mzunguko wa kwanza zikaisha, tukaenda kuvuna. Mayai yalipatikana matatu. Mawili yalikuwa machanga, hayakufaa. La tatu lilikutana na mbegu, likaanza kugawanyika, likasimama. Daktari alitukalisha akatueleza yote bila kupamba, na mwisho akasema kuna njia nyingine, ya kutumia yai la mwanamke mwenye umri mdogo aliye tayari kulitoa, na kwa wanawake wengi wa umri wangu njia hiyo ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Si aibu, alisema, na mtoto unambeba mwenyewe. Nilimsikia. Sasa hivi nikikutana na mwanamke anayeitafakari njia hiyo namwambia asiiogope. Lakini siku ile mie nilitaka kumwona bibi yangu mzaa mama tena katika uso wa mtoto, yale macho yake yaliyolala, na nilijua hayo macho yapo kwenye mayai yangu au hayapo popote. Nikaomba jaribio moja zaidi na mayai yangu mwenyewe. Elias akasema moja, mke wangu, halafu tutakubali chochote Mungu atakachotuonyesha. Tukakubaliana hivyo.

Daktari hakunidanganya. Alisema miaka haiwezi kuirudisha, na mtu akiniuzia kidonge cha kufanya mayai yawe ya kisichana nimkimbie. Ila yai huchukua miezi kadhaa kujiandaa kabla halijakomaa, kwa hiyo tusikimbilie, tutumie miezi hiyo. Vipimo vilionyesha tezi ya shingoni inafanya kazi kwa uvivu, akanipa dawa yake. Akabadilisha mpango wa sindano. Kisha akataja mambo ya nyumbani: nipunguze uzito, nile vyakula vya asili na sukari kidogo, nilale, nitembee, nikae mbali na moshi. Elias sigara aache kabisa, kwa ajili ya mbegu zake na kwa ajili yangu. Nilitoka pale nikiwa nimevunjika, na katikati ya kuvunjika nikataka kucheka, maana nusu ya maagizo yale nilikuwa ninayatekeleza tayari chini ya usimamizi wa Mzaramo.

Jioni hiyo hiyo Bi Havijawa aliniona macho yamevimba. Hakuuliza sana. Alisema sukari ikishuka watu hulia, anamjua shangazi yake, akaenda akarudi na bakuli la uji wa ulezi usio na chembe ya kitu kitamu. Akakaa kwenye kochi mpaka niumalize. Nilikunywa uji ule huku machozi yananidondoka ndani yake, nikiwaza kuwa mwanangu amekufa kabla hajafika ukubwa wa mbegu ya ulezi, na mtu pekee anayenifariji anaufariji ugonjwa ambao sina. Nusura nimwambie. Nikamwambia uji una chumvi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko nilivyostahili. Boksi lilipokwisha nilisema daktari amesimamisha sindano kwa muda, nitegemee chakula, na sukari yangu ya uongo ikawa shughuli ya nyumba nzima. Jioni Bi Havijawa alinitembeza mpaka relini na kurudi, akinitukana njia nzima, watu wakisimama kusikiliza. Mkaa aliupiga marufuku. Alisema moshi unapandisha sukari, jambo alilolibuni mwenyewe, akaniamuru nipikie jiko lake la gesi. Sigara za Elias alizichomoa mdomoni mwake barazani, moja baada ya nyingine, akisema mpagazi hana ruhusa ya kumfukizia mtumwa wake, na Elias, aliyeshindwa kuacha kwa mahubiri ya miaka, akaacha kwa kuona haya. Nguo zangu zikaanza kulegea. Nikawa nalala usiku mzima. Shuleni waliniuliza nimebadilisha mafuta gani ya uso. Sikuwa na furaha sawasawa, ila nilikuwa nasubiri kitu, na kusubiri kitu ni bora mara mia kuliko kusubiri tu.

Kisha tukanunua dawa za mara ya pili. Boksi likakaa pembeni mwake, chini ya kitambaa, kati ya ukwaju na ubuyu, na nilikuwa nimebakiza siku chache kuanza kuchoma. Jumapili moja Bi Havijawa alikuwa na arusi ya mpwa wake, na Mzee Kondo alikuja toka Kisarawe. Alikula pilau, akanywa soda za watu wa arusi, na insulini yake alikuwa ameisahau nyumbani. Mie na Elias tulirudi kutoka kanisani tukakuta korido imejaa. Mzee Kondo alikuwa kwenye kiti, jasho linamtoka, midomo imekauka, anaomba maji na bado ana kiu. Dada yake alikuwa amesimama mbele ya friji, mpira wa baiskeli chini, boksi langu mikononi. Aliponiona akashusha pumzi. "Afadhali mtani umekuja. Mchome kaka yangu, wewe ndiye mzoefu."

Akili yangu ikatafuta uongo mwingine upesi, na ukapatikana. Nilisema dawa yangu ni aina nyingine, haiendani na ya mzee, apelekwe hospitali. Bi Havijawa akasema sukari ni sukari, bora hii kuliko kukosa kabisa, na akianguka njiani je? Watu wakamuunga mkono. Mzee Kondo akakunja mkono wa kanzu yake, akaninyooshea mkono mwembamba, na kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani, akasema, "Nichome tu, mwanangu."

Hapo uongo ukaniishia. "Bi Havijawa," nilisema, "hiyo si dawa ya sukari. Mie siumwi sukari. Hiyo ni dawa ya mayai. Natafuta mtoto."

Milango yote ya korido ilifunguka. Hata redio ya chumba cha mwisho nadhani mtu aliizima. Elias ndiye aliyewahi kushtuka. Alitoka nje akarudi na bajaji, wakambeba mzee mpaka kituo cha afya, dada yake akipanda naye bila kuniangalia. Nilirudisha boksi langu mahali pake nikafunga mpira, kisha nikaingia ndani nikarudishia mlango. Nilikuwa nimeaibika mara mbili, kwa kuwa tasa na kwa kuwa mwongo, na sijui lipi liliniuma zaidi. Koridoni nilisikia watu wakisema polepole, lakini safari hii sikutega sikio.

Alirudi magharibi. Nilimsikia akisema koridoni kwamba kaka yake amepata dawa, amelala, ataondoka kesho. Kisha mlango wangu ukafunguka bila hodi kama kawaida. Akakaa kwenye kochi, akavua viatu, akanyoosha miguu, akaniangalia mie niliyejikunyata kitandani mlango wa kati ukiwa wazi. Nilijiandaa kuambiwa nihame.

"Mnyamwezi," alisema, "yaani ulitaka kaka yangu atage?"

Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, na kicheko kikageuka kilio bila mie kujua kilivuka wapi. Alikuja akakaa kitandani, akanishika kichwa. Aliniambia wahenga waliposema mficha uchi hazai, mie nilidhani wanasema habari za nguo? Kisha akakumbuka jambo likamkasirisha kweli. Alisema nimemfanya ahangaike na dona na vibua miezi yote ile bure. Nikamwambia si bure, na nikamweleza daktari alivyosema, yote, kuhusu miaka, tezi, moshi, uzito, na yai moja zuri linalotafutwa kati ya mabovu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Mwisho aliuliza zimebaki sindano ngapi, na kama zinauma.

Kesho yake friji lilikuwa limehamishiwa ndani ya chumba chake. Watoto walionunua barafu walisimama mlangoni na kuhudumiwa na yeye peke yake, na mwenye kuuliza sababu aliambiwa humo ndani kuna mgeni. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa uani. Yule aliyesema mayai ya wasomi yanaisha alinifuata kwenye mawe ya kufulia, akafua kanga moja muda mrefu kuliko kanga inavyofuliwa, kisha akaniambia mimba zake tatu zilitoka kabla ya huyu mwanawe mmoja, na hajawahi kumwambia mtu. Mwenzake alikuwa na mdogo wake Mbagala anayehangaika. Wakaniuliza maswali. Nikawachorea mchangani kwa kijiti kama daktari alivyonichorea mie, na niliwafundisha vizuri, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua.

Jioni za sindano Bi Havijawa alikuja kunisimamia. Nilichoma mwenyewe, yeye akinishika bega na kuwatukana Wanyamwezi wote mpaka mfalme wao, nami nikiwa na shughuli ya kumjibu sikuona hata sindano ikiingia. Siku ya kuvuna, daktari alitoka akasema mayai ni matano. Hayakuwa mengi. Lakini safari hii, alisema, yana sura nyingine, manne yamekomaa. Baadaye akapiga simu kwamba matatu yamekubali, kisha kwamba viinitete viwili vinakua vizuri. Aliniuliza nilifanya nini nyumbani. Nikamwambia nimekuwa nikiugua kisukari, na nilipomsimulia alicheka akavua miwani. Nikataka aniambie ni kipi kilichosaidia, dawa ya tezi, mpango mpya wa sindano, sigara za Elias, au dona. Akasema haiwezekani kujua kwa mtu mmoja. Inawezekana vyote vimechangia kidogo kidogo, na inawezekana mwezi ule bahati ilikuwa yangu tu. Wanawake wenzangu wamefanya yote hayo na mara ya pili haikuwapa kitu. Nalisema hili kwa sababu nisingependa mtu asome habari zangu aanze kujilaumu kwa soda aliyokunywa.

Waliponirudishia tumboni, na majibu ya mimba yakatoka, nilikwenda moja kwa moja chumbani kwake. Alikuwa anajaza ukwaju kwenye vifuko. Nilimwambia imeshika, na yeye akajifuta mikono kwenye kanga, akalifungua friji, akatoa kopo langu la sukari alilolichukua siku ile ya kwanza. Lilikuwa limegandamana kama jiwe. Akasema subiri kwanza, ukijifungua ndiyo nakurudishia, akalirudisha ndani akalifunga na mpira.

Hakulirudisha kamwe. Lusia alipozaliwa, na macho ya bibi yangu yaliyolala, Bi Havijawa alimbeba akamtazama, akatangaza kwamba huu ndio ugonjwa wenyewe, umeonekana, na akampa jina la utani Kisukari. Kwenye cheti na kanisani ni Lusia. Tabata yote ni Kisukari, na mie mpaka leo nikipita sokoni kule naitwa Mama Kisukari, na wageni hunionea huruma.

Basi ndiyo mwanamke niliyeitwa kwenda kumtania. Nilifika Tabata na Elias na Lusia, turubai limefungwa, wanaume nje, wanawake uani. Siwema alinikumbatia akanipa gauni la mama yake na kanga zake mbili, bado zina harufu yake ya udi na ukwaju. Nikazivaa. Mzee Kondo, kaka mtu, sasa mzee sana, alikuwa amekaa barazani na fimbo katikati ya magoti, na waliniambia tangu alfajiri hajasema neno wala kunywa maji. Nikasimama koridoni pale friji lilipokuwaga zamani. Nikafikiri yeye angefanyaje, na mkono wangu wenyewe ukaenda ukamnyang'anya kijana mmoja kikombe chake cha chai. Nikakinywa chote mbele yake, taratibu, nikacheua.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa yule wa mihogo. Hapo nikafunguka. Nilitembea kwa mwendo wake wa nyonga moja, nikakusanya bakuli za sukari msiba mzima, nikamtukana Elias mpagazi, nikawaambia Wazaramo wananenepa wakati mtumwa wao anakula mlenda. Watu walicheka na kulia pamoja, nami pia. Jeneza lilipobebwa kutoka, nikajilaza chini kwenye kizingiti kama inavyotakiwa. Wakanitupia noti, nikazisukuma. Nikasema sitaki hela, huyu mwanamke amechukua sukari yangu kopo zima, ameishikilia mpaka kufa, na haondoki mtu hapa mpaka nirudishiwe sukari yangu.

Wabebaji wakasimama. Mzee Kondo akainuka na fimbo yake, polepole, watu wakampisha. Sikujua kama amekasirika. Akapita katikati ya wanawake mpaka alipokuwa Lusia, mrefu kunipita, macho mekundu kwa kulia. Akamshika mkono akamleta mpaka kizingitini, akamsimamisha mbele yangu.

"Sukari yako hii hapa, mwanangu," akasema. "Tulishalipa. Sasa mpishe dada yangu apite."

Lusia akaniinamia akanipa mkono. Nikasimama, nikapisha.